Faini ya Mia Tano

Tumekutana Alhamisi, nyuma ya duka la baiskeli la Ochwo,
hapa Tororo, saa kumi na mbili kasoro.
Ajenda ilisema saa kumi na moja.
Ajenda yetu haijawahi kusema kweli.
Waliohudhuria: tisa, na kuku wa jirani
ambaye bado hatujakubaliana kama ahesabiwe.

Kwanza, habari za jabali.
Jumapili tulitoka na fimbo, kamba na daftari,
tukapima kivuli cha fimbo,
tukafuata kivuli cha jabali hadi kilipoishia,
katikati ya mihogo ya mtu
aliyetuuliza kwa hofu kama tumetumwa na benki.
Tulirudi na majibu manne.
Emokol fundi saa analishikilia lake kwa meno.
Bi Zamzamu asema kivuli kilitembea
huku sisi tukibishania fundo la kamba,
na kwamba tulichopima ni ubishi wetu.
Nimeyaandika yote manne.
Jabali halikupinga hata moja.

Pili, tumepata mwanachama mpya.
Anaitwa Akisa, yuko kidato cha pili,
jioni humsaidia mama yake kuuza mkaa.
Alikaa kwenye tairi, magoti pamoja, akauliza
kwa nini mkaa mzuri ukigongwa hulia kama kengele
na mkaa mbovu hunyamaza.
Mwalimu Obbo alifungua mdomo, akaufunga.
Ochwo alitazama spoko za gurudumu.
Sikuwa na la kuandika, nikaandika: kimya, dakika mbili.

Tatu, chai.
Wandera aliichora sheria ukutani kwa rangi ya mlango:

*Asiyejua aseme, sijui si neno baya;
ajuaye asivume, wenziwe kutia haya.*

Atakayetamka "kila mtu anajua"
hulipa shilingi mia tano papo hapo,
na faini hiyo ndiyo majani, ndiyo sukari.
Sasa ni wiki ya sita birika li kavu.
Tumekuwa wema, alisema Emokol, wema wa kiu.

Nikafungua kitabu cha faini.
Tangu tuanze: faini sitini na moja.
Arobaini na nne, jina ni lile lile:
Nyaketcho.
Nyaketcho wa maabara ya hospitali,
aliyeisoma damu kama wengine wasomavyo gazeti,
aliyehamishiwa Moroto mwezi wa tatu
na begi moja na darubini ya kuazima.
Katika sisi sote, yeye ndiye aliyejua zaidi,
na yeye ndiye aliyekosa zaidi?

Nikakumbuka usiku ule umeme ulipokatika.
"Kila mtu anajua," alisema, "mwezi hauna nuru yake."
Mimi, mwenye miaka arobaini na sita,
mume wa mtu, mshika kalamu wa klabu,
nilikuwa sijui.
Nikapiga kelele, "Faini!" kuliko wote.
Aliweka sarafu mezani bila kunitazama,
akalielezea birika, taratibu,
jua liko wapi, na sisi tuko wapi.

Arobaini na nne.
Nilihesabu tena kwa kidole.
Kila mara palikuwa na mmoja wetu gizani,
na kila mara tulikunywa chai.

Mengineyo: hayakuwepo.
Nilikuwa nimeshaandika "kikao kimefungwa"
mkono ukaingia mfukoni wenyewe.
"Kwani," nikasema, sauti ikinikwama kidogo,
"kila mtu anajua kwa nini mkaa hulia."

Wakanigeukia wote, na kuku pia.
Akisa akaruka kutoka kwenye tairi:
"Faini! Mimi sijui!"

Nikaweka mia tano yangu mezani.
Wala mimi sijui.
Ochwo alikuwa keshaenda kuchota maji.

Kikao kijacho: Alhamisi.
Kila mmoja aje na kipande cha mkaa,
na kitu cha kugongea.